Vigari vya Juu ya Bati

Juu ya bati la nyumba yetu, upande wa jikoni, kuna magari thelathini na moja ambayo hayajawahi kwenda popote. Nimeyapanga safu nne, na kila moja nimelifunga kwa waya kwenye msumari wa bati ili upepo wa Julai usije ukaliangusha kichwani kwa mtu. Kubwa kuliko yote linaenea kwenye kiganja changu. Jirani mmoja, mama wa kwaya, aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama ile ni dawa ya kuzuia wezi. Nikamwambia ndiyo. Tangu siku hiyo kuku wake hawajapotea, akanishukuru, na mimi nikazipokea shukrani bila aibu.

Si dawa. Ni vigari vya chuma vya kuchezea watoto, vile vinavyokuja ndani ya marobota ya mitumba na kumwagwa juu ya gunia mnadani, pembeni ya wachoma nyama. Vingine havina magurudumu, vingine vina alama za meno ya mbwa wa huko vilikotoka. Watu hupita na kuvisukuma kwa ncha ya kiatu. Mimi huchuchumaa. Nimekuwa nikichuchumaa mbele ya magunia hayo kwa miaka tisa sasa, na wauzaji wananijua, wananiwekea.

Nikifika nyumbani navifungua. Chini ya kila kigari kuna ribiti mbili, vijimsumari vilivyopondwa vichwa. Unazitoboa taratibu kwa drili ndogo, na bodi inaachana na kitako. Naitumbukiza bodi kwenye dawa ya kutoa rangi hadi chuma kibaki kitupu, kisha naanza upya. Gari la mashindano la kigeni likitoka mikononi mwangu lina keria ya waya, magunia ya karanga yaliyoshonwa kwa mabaki ya kaptula, na vizuia tope vilivyokatwa kwenye mpira wa baiskeli. Bampa nalipinda kidogo, maana hapa kwetu bampa lisilopinda ni la gari lililoshuka bandarini juzi. Sipendi gari jipya. Gari jipya halina cha kuniambia.

Shida yangu kubwa ilikuwa rangi. Jua la Dodoma halina mchezo. Gari likilala nje miaka kumi, nyekundu yake inakuwa ya nyanya iliyopikwa, na nyeusi yake inakuwa kijivu cha jivu. Hizo ndizo rangi nilizozitaka, na hakuna duka linaloziuza. Basi nikabuni njia yangu. Kila rangi niliyopata nilipaka vigari viwili, pacha. Kimoja kilipanda juu ya bati kuungua, kingine kilibaki kabatini. Baada ya kiangazi kimoja au viwili nilikiteremsha kilichoungua, nikakiweka mbele yangu uani, nikaanza kuchanganya rangi mbichi tone kwa tone hadi pacha wake wa kabatini afanane naye. Nilikosea sana. Kila nilipopatia niliandika kwenye daftari: matone mangapi ya nini, na kigari kilikaa juani muda gani.

Mashine ya kupulizia sikuwa nayo. Nilitumia mirija miwili ya soda: mmoja unasimama kwenye kikopo cha rangi, mwingine unalala mdomoni, unapuliza, na rangi inatoka kama ukungu. Pumzi yangu si ndefu, kwa hiyo tabaka lilitoka jembamba, na ilinibidi kulirudia mara sita, mara saba. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa akipita na ndoo ya maji na kusimama kunitazama mashavu yalivyovimba. "Wenzako wana vibanda vya vitenge," alisema. "Wewe umejaliwa mirija." Alilisema hilo kwa miaka yote tisa, na kila mara alilisema kama vile amelifikiria asubuhi hiyo.

Mchana nilifanya kazi Kizota, kwenye gereji moja ya kunyoosha na kupaka rangi magari. Nilianza hapo kama muuza chai na maandazi. Siku moja mpiga msasa hakufika, gari lilikuwa linasubiriwa, nikaweka chupa ya chai chini nikashika msasa. Kufika saa kumi bodi ilikuwa laini kama shavu la mtoto, na yule mpiga msasa aliporudi alikuta hana kazi. Kwa miaka sita nilisugua bodi za watu, nikabandika magazeti kwenye vioo, nikakoroga puti ya kuziba mabonde, na chai niliendelea kuchemsha vilevile kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba ningeacha. Nilifanya kila kitu kilichotangulia rangi. Rangi yenyewe sikuigusa.

Rangi ilikuwa ya fundi mkuu. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mtu wa milima ya Kibakwe, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Bunduki yake ya kupulizia rangi aliinunua akiwa kijana na hakuwahi kumwazima mtu. Akimaliza kazi aliiosha kwa thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, akaifuta, akaitundika kwenye msumari uliopigwa juu kabisa ya nguzo. Yeye aliufikia kwa kunyoosha mkono tu. Mimi ningehitaji kupanda juu ya ndoo. Wanyoosha bodi wetu wawili, wanaume wazima wenye mikono ya kukunja chuma, nao hawakuwahi kuishika, kwa hiyo siwezi kusema alinionea mimi peke yangu. Lakini wao hawakuitaka. Mimi niliitaka hadi nikawa naiangalia ninapokunywa chai.

Vigari vyangu alivijua, maana niliwahi kumletea kimoja kama zawadi ya Krismasi. Alikigeuza, akakiangalia chini, akanirudishia. "Mtu mzima," alisema.

Kisha mwaka juzi, wakati wa mavuno, akatukusanya. Alisema magoti yamekwisha, mashamba yake yanamwita, na mwisho wa mwezi anarudi Kibakwe moja kwa moja. Bunduki ameshamwahidi fundi mmoja wa Singida, atakuja kuichukua.

"Na sisi?" aliuliza mnyoosha bodi mmoja.

"Ninyi mtaendelea kunyoosha. Mteja akitaka rangi, apeleke kwingine."

"Na mimi, mzee?" nikauliza.

Alinitazama kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionichoma. "Wewe una chai yako," alisema.

Nikamwambia, "Nipe mlango mmoja tu. Mmoja. Nipake, uone."

"Mlango wa gari la mtu si kichezeo, binti yangu."

Niliumia. Sitazunguka maneno: niliumia hadi nikaondoka na chupa ya chai ikiwa imejaa, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani nikilia, na waliokuwa wakinitazama njiani niliwaambia ni vumbi. Miaka sita nilikuwa nawaandalia wengine chuma ili wakipendezeshe. Sasa bunduki inakwenda Singida, na mimi narudi kwenye maandazi. Mama aliponiona hakusema neno kuhusu mirija, na nikajua nina sura mbaya kweli.

Wiki hiyohiyo ndipo ilipoingia ile pikapu kutoka Haneti.

Ilikuwa pikapu ya zamani, ya buluu yenye chembechembe za fedha ndani yake, na mlango wa abiria ulikuwa umebonyea katikati. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke wa makamo ya mama yangu, mnyoofu, mwenye mwavuli. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba mmoja mmoja kwa kutuhesabu, kana kwamba tuko darasani. Fundi mkuu akamsalimu kwa Kigogo, mbukwa, wakaulizana habari za mvua za huko na huko, kisha tukauliza mlango umepatwa na nini.

"Ng'ombe," alisema mwalimu. "Dume la jirani. Limejiona kwenye mlango likadhani ni dume jingine."

Hatukucheka, kwa sababu hakuwa anacheka. Akaeleza anachotaka. Pikapu ilikuwa ya marehemu mume wake, ndiye aliyeiosha kila Jumamosi hadi wiki aliyofariki. Rangi yake ilipauka wakiwa pamoja, na hakutaka igeuzwe. Tunyooshe mlango, tupake mlango, na mlango peke yake. "Na nikija Jumamosi ya wiki ijayo," alisema, "nisiweze kuujua. Nikiujua, nimeshindwa kuwaamini. Na gari zima msiliguse."

Fundi yeyote mwenye akili angekataa. Kufananisha rangi iliyoungua miaka ishirini ni kazi ya kujidhalilisha. Lakini mzee wetu alikuwa anaaga, alitaka kuaga vizuri, na kiburi chake kilikuwa kirefu kama yeye. Alisema, "Utaupata, mwalimu."

Mlango ukanyooshwa, nikapiga puti, nikapiga msasa. Fundi mkuu akaenda dukani na jina la rangi lililoandikwa kwenye kibati cha gari, akarudi na kopo, akapaka. Mlango ukatoka kama wa bwana harusi, ukakaa kwenye ile pikapu iliyochoka na kuiaibisha. Nikausugua wote.

Mara ya pili akaamua kuchanganya kwa jicho lake. Alikaa siku nzima, anachovya kijiti, anakiweka kwenye boneti, anakunja uso, anaongeza nyeupe. Alipopata ilikuwa imekaa sawasawa kabisa, hata mimi nilikiri moyoni. Akapaka. Tukangoja ikauke, tukaisukuma pikapu nje ili tuione vizuri, na mlango ukawa zambarau.

Kisha, mmoja mmoja, tukainua macho tukalitazama turubai. Gereji zote za Kizota zinafanya kazi chini ya turubai, la sivyo jua litakuua kabla ya chakula cha mchana, na la kwetu lilikuwa jipya, la buluu, la kung'aa. Chini yake kila kitu kilikuwa buluu. Mzee alikuwa amefananisha rangi ya gari na rangi ya turubai.

Kosa hilo nililijua vizuri. Jiko letu nyumbani limeezekwa karatasi ya plastiki ya kijani, na kabla sijapata akili niliharibu vigari vitano chini yake. Tangu hapo sichanganyi rangi popote ila uani, chini ya mbingu tupu. Siku nzima hiyo nilikuwa nimemwona mzee akikunja uso chini ya turubai, na sikumwambia. Nilijiambia kwamba mpiga msasa haulizwi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira naye, na mlango ulipotoka zambarau nilifurahi, kisha nikamwona amekaa juu ya tairi ameshika miwani mkononi, na furaha ikanitoka yote nikabaki na aibu.

Ilikuwa Jumatano, mchana. Nikavua aproni. "Nakuja," nikasema, nikapanda bodaboda hadi nyumbani, nikaegemeza ngazi, nikapanda juu ya bati. Safu ya tatu, cha nne kutoka kushoto: kigari cha buluu yenye chembe za fedha, kilichokaa juani viangazi viwili. Nikakata waya. Bati lilikuwa la moto hadi nikateremka nikipuliza vidole. Kabatini nikachukua pacha wake na daftari.

"Leo umepagawa kweli," alisema mama.

"Niombee," nikamwambia, na bodaboda ilikuwa bado inanguruma mlangoni.

Nilipofika sikumsemesha mtu. Nilichukua kitambaa na maji ya sabuni nikaosha boneti ya ile pikapu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi maji yakaacha kutoka mekundu, maana rangi yenyewe ilikuwa imejificha chini ya vumbi la Haneti na hata hilo hatukuwa tumelifikiria. Nikakiweka kigari katikati ya boneti, nje, juani. Nikarudi nyuma hatua kumi.

"Kiko wapi?" aliuliza mnyoosha bodi mmoja.

Hakikuonekana. Kulikuwa na magurudumu manne madogo meusi yamesimama juu ya boneti, na kivuli chake, basi. Fundi mkuu akainuka kwenye tairi. Akaja karibu, akavaa miwani, akaivua akaifuta, akavaa tena.

"Umeitoa wapi rangi hii?"

"Juani."

"Jua haliuzwi."

"Ndiyo maana nina daftari, mzee." Nikamwonyesha pacha, kile kilichokaa kabatini, kilichopakwa kwa tone. Akaviweka vyote viwili kiganjani mwake, akavigeuzageuza, na kwa mara ya kwanza hakusema kwamba mimi ni mtu mzima.

"Soma," alisema.

Nikasoma. Matone ishirini ya buluu, tisa ya fedha, matatu ya nyeupe, moja la nyeusi, na nusu tone la njano, ambalo unalipata kwa kuchovya ncha ya sindano. Tatizo likawa kwamba matone yanatosha kigari, na sisi tulikuwa na mlango. Nikatazama huku na huku natafuta kipimo, nikaona kijiko changu cha chai ndani ya kikombe. Nikakiosha kwa thina. Kila tone likawa kijiko, na hesabu yote nikairudia mara mbili. Sitasahau nilivyosimama uwanjani pale, jua la saa nane utosini, nikipima rangi ya gari kwa kijiko cha chai ileile niliyoambiwa ndiyo yangu.

Mzee akaishusha bunduki, akamimina, akapaka. Nilimsogelea nione. Na mlango ukatoka mweusi. Si mweusi wa mkaa, lakini buluu nzito, iliyolowa, ya usiku, haina uhusiano wowote na pikapu.

"Nilijua!" alifoka, na alikuwa hajawahi kunifokea kwa miaka sita. "Nilijua! Mzee mzima nimesikiliza vichezeo vya watoto!"

Hasira ikanipanda kichwani, na maneno yakatoka kabla sijayapima. "Rangi haina kosa, mzee. Mkono wako ndio mzito."

Nyundo zilinyamaza. Mama yangu angekuwepo angenipiga kibao mbele za watu, na angekuwa na haki. Mtu hamwambii hivyo mzee anayemwita binti yangu, tena kwenye kazi aliyoifanya tangu mimi sijazaliwa. Lakini nilikuwa nimeshaanza, nikamalizia. Nilimwambia anapaka kwa karibu na kwa wingi, kama wanavyopaka mafundi wote wanaotaka gari ling'ae. Rangi ya chembechembe ukiilowesha, chembe zinazama na buluu inabaki juu, inakuwa giza. Ukipuliza kwa mbali, tabaka jembamba, likauke kabla hujaongeza, chembe zinakaa juu na rangi inapauka. Nilijua kwa sababu kwenye kigari tabaka zito linafukia hata mstari wa mlango, huuoni tena. Nimejifunza kupaka kwa pumzi.

Fundi mkuu aligusa rangi ya mlango kwa kidole, akakitazama. Kisha akasema, "Kapige msasa."

Nikajua yamekwisha. Nikachukua msasa nikausugua ule mlango kwa mara ya tatu, machozi yananidondokea kwenye bodi na mimi nayasugulia humohumo. Nilijilaumu kwa mdomo wangu. Nilimlaumu yeye. Nililaumu Singida nzima, ambako sina hata mtu ninayemjua. Nilipomaliza nikainua uso kutafuta kitambaa, na mbele ya pua yangu kulikuwa na mpini wa bunduki, umeelekezwa kwangu.

"Chukua," alisema fundi mkuu. "Usiiangushe."

Ilikuwa nzito kuliko nilivyoota. Nilisimama mbali na mlango, mbali kiasi kwamba wanyoosha bodi walianza kutazamana, nikabonyeza, nikapita mara moja kutoka kushoto kwenda kulia. Ukungu mwembamba ukatua. Nikangoja. Nikapita tena. Kwenye tabaka la tatu nikamsikia mzee anacheka nyuma yangu, kicheko kidogo cha puani.

"Acha kupuliza," alisema. "Kompresa ipo."

Kumbe mashavu yangu yalikuwa yamevimba. Nilikuwa nashika bunduki na wakati huohuo napuliza kwa mdomo, kwa mazoea, kama niko uani na mirija yangu. Hata mimi nikacheka, na mkono ukalegea, ukawa wangu. Nilipita mara saba. Kesho yake nikaweka vanishi, ile rangi ya juu iliyo wazi kama maji, kidogo tu, na Ijumaa nikaufifisha ung'avu wake kwa msasa mzee uliokwisha makali na maji ya sabuni, kazi ambayo nashukuru hakuna anayeijua kunizidi. Kisha tukaliosha gari zima, kila kona, hadi tukatoa mchanga kwenye mifereji ya milango. Tukalisukuma nje, juani, mbali na turubai.

Sikuuangalia mlango kwanza. Nilimwangalia fundi mkuu. Alizunguka pikapu polepole, akainama, akasimama, akaenda kukaa kwenye tairi lake, akaomba chai. Nilipompelekea nilimwaga nusu kwenye kisahani.

Jumamosi saa nne mwalimu akaingia. Alifika langoni, akasimama, akafunga mwavuli wake kwa nguvu.

"Nani amewatuma?" alisema. Sauti yake ilifika hadi gereji ya pili. "Niliwaambia nini? Mlango! Mlango peke yake! Nani kawatuma kupaka gari zima? Mimi nimewaamini, nimewaachia kitu cha marehemu, mnanipakia gari zima rangi moja? Hamsikii? Mna masikio ya nini?"

Wanyoosha bodi walianza kurudi nyuma kama wanafunzi. Mimi nilisimama mdomo wazi, ikanichukua muda kuelewa anachosema: kwamba amelitazama gari lake na hakuona mlango. Fundi mkuu alinyanyuka taratibu na magoti yake mabovu. Nilidhani atajieleza. Akaninyooshea kidole.

"Mwalimu," alisema, "mgombeze huyu. Mimi sikupaka."

Akageuka, akanigombeza. Nimegombezwa mara nyingi maishani, shuleni, kanisani, nyumbani kila siku ya Mungu, lakini sijawahi kugombezwa vizuri namna ile. Sikumkatiza. Kila neno nililipokea kama mtu anayepewa cheti, nilikuwa nimesimama wima na uso wangu ulikuwa unacheka wenyewe, jambo ambalo lilimzidishia hasira. Aliposimama kuvuta pumzi nikamshika mkono, nikampeleka kwenye boneti, nikamwonyesha sehemu ndogo iliyolika, karibu na taa, ambapo rangi ilikuwa imekwisha hadi chuma.

"Hii ni nini, mwalimu?"

Akaigusa kwa kidole. "Alikuwa anagonga hapa kwa pete," alisema. "Kila asubuhi. Kabla ya kuwasha."

"Tungepaka gari zima, ingebaki?"

Alifungua pochi akatoa miwani, akaenda upande wa abiria, akainama, akakwaruza kwa ukucha, akarudi nyuma, akaenda akatazama upande wa dereva, akarudi. Kisha mwalimu yule, ambaye kwa macho yake mwenyewe aliliona dume likiupiga, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hivi ulikuwa mlango huu?"

Nilimwambia ndiyo. Alinikumbatia, mwavuli na vyote, ukanichoma mbavuni. Nililia tena wiki ile, na safari hii sikulisingizia vumbi.

Jumatatu yake fundi mkuu alipiga simu Singida mbele yetu wote, amesimama katikati ya uwanja, akiongea kwa sauti kubwa kama ilivyo desturi ya wazee na simu. "Bunduki haipo tena," alisema. "Imepata mtu wake hapa." Hakunitazama alipolisema. Alipokata simu aliniambia niioshe kila siku, hata siku ambazo sijaitumia, na niache kuongea na wazee kama ninaongea na vigari. Nikamwambia nisamehe, mzee. Akasema kwamba ameshasamehe tangu Jumatano, ila mkono wake si mzito kiasi kile.

Siku ya kuondoka aliniomba kitu kimoja: kile cha buluu. Nilimletea pacha wa kabatini, kizuri, kisafi. Akakikataa. "Nataka kile kilichoungua," alisema. Akakitia kwenye mfuko wa shati, akagonga juu yake mara mbili kuhakikisha kipo, akapanda gari la Kibakwe.

Sasa rangi zote za gereji ile napaka mimi. Wateja wa Haneti wanakuja, na wa Kondoa, wakiuliza yule mwanamke wa milango isiyoonekana, na mama anawaambia watu wa kwaya kwamba tangu mwanzo yeye ndiye aliyeniruhusu kutumia mirija. Juu ya bati kuna nafasi moja tupu kwenye safu ya tatu, sijaijaza.

Bunduki inatundikwa kwenye nguzo ileile. Jioni ile mzee alipoondoka nilichukua nyundo, nikapanda juu ya ndoo, nikang'oa msumari wake, nikashuka, nikaupigilia upya chini, usawa wa bega langu. Mnyoosha bodi mmoja aliniuliza nafanya nini.

"Mimi ni mfupi," nikamjibu, nikaitundika.